Ndoo Kumi na Moja

Jumatatu, 18 Novemba 2024

Mkuu wa idara, Dkt. Mudrick, amenibebesha ripoti ya mwaka. Ukurasa mmoja kwenye kitabu cha mahafali. Kichwa cha habari wameshakichagua huko juu: Mwaka wa Changamoto na Mafanikio. Nikamuuliza kama naweza kuandika "matatizo". Akasema, Elieth, changamoto. Haya.

Changamoto basi. Machi tulimzika Dkt. Tumsifu, na kazi yake ya kuratibu mitihani nikatwishwa mimi, mhadhiri msaidizi, hata funguo za kabati lake sijui zilipo. Agosti wenzetu watatu mikataba haikuhuishwa. Tumebaki wawili, kozi saba. Maji yanatoka siku moja, kisha wiki nzima hayaonekani. Na wanafunzi tisa wamedisko. Tisa! Tangu nianze kufundisha hapa hatujawahi kufukuza zaidi ya watatu kwa kufeli. Kwenye ripoti nimeambiwa niwaite "waliositishiwa masomo". Sisi wote, walimu na wanafunzi, tunasema kudisko. Neno jepesi, unalitamka huku unakunywa chai.

Mafanikio: Karishma, mwaka wa tatu, wa pili kwenye mashindano ya takwimu ya vyuo. Baba yake ana duka la vitambaa mjini, ameshatuletea keki ofisini. Halafu makopo ya kupimia mvua kule Haneti. Mkuu anataka nianze na makopo. Wageni rasmi wanapenda kusikia mkulima akitajwa.

Mkataba wangu unaisha Desemba 31. Nitaandika vizuri.

Jumanne, 19 Novemba

Makopo si ya idara. Ni ya Methusela. Kwao Haneti. Alipokuwa mwaka wa kwanza alifunga makopo sita ya maziwa ya unga kwenye kaya sita, na mvua ikinyesha mama yake anazunguka kupima. Misimu miwili. Chati aliyochora bado iko ukutani juu ya meza yangu, inanitazama ninavyoandika.

Mkuu amesema jina lake lisiwemo, kwa sababu ni mmoja wa wale tisa. Andika "wanafunzi wetu". Nikasema si mwanafunzi wetu tena. Akasema ndiyo maana hatumtaji. Nilikaa nikaifikiria hiyo hoja mpaka chai ikapoa.

Alikuja hapa Oktoba, baada ya seneti. Alisimama mlangoni na faili lake. Madam, ile sup niliifanya. Alikuwa na mtihani mmoja tu wa marudio, Nadharia ya Uwezekano, na mfumo ulionyesha hakuhudhuria. Asiyehudhuria sup bila ruhusa anadisko, hakuna mjadala. Akasema aliufanyia zahanati ya chuo, malaria, dripu mkono wa kushoto na kalamu wa kulia. Nikatazama fomu ya ukumbini. Sahihi yake haipo. Nikamwambia — nayakumbuka maneno yangu vizuri mno — "Methusela, mfumo hausemi uongo."

Akasema asante madam. Akafunga mlango taratibu.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimeipata.

Nilikuwa natafuta nakala ya ripoti ya makopo. Droo ya chini. Chini ya kalenda ya mwaka jana, bahasha ya kaki, muhuri wa zahanati, jina lake. Haijafunguliwa. Ndani kijitabu cha majibu, kurasa kumi na mbili, doa la damu dogo pembeni ambapo sindano ilivuja.

Nilifunga mlango nikakisahihisha. Sitini na moja. Swali la tatu amelijibu kwa njia fupi kuliko ile ninayofundisha. Nikajumlisha tena. Sitini na moja.

Sasa nakumbuka kila kitu. Ijumaa, 13 Septemba, saa nane mchana. Nesi alileta bahasha mwenyewe mpaka mezani. Angelina — jirani yangu, ndiye katibu muhtasi wa idara — alikuwa nyumbani siku hiyo, akanitumia ujumbe: MAJI YAMETOKA. Siku ya tisa hiyo bila maji. Nani anabaki ofisini? Jengo zima lilitoka mbio. Nikaitupia bahasha droo ya chini nisije nikaipoteza. Nisije nikaipoteza! Nikafika nyumbani nikajaza ndoo kumi na moja na pipa. Usiku ule nilioga mpaka nikaimba.

Ndoo kumi na moja. Nimemdisko mtoto wa watu kwa ndoo kumi na moja.

Ijumaa, 22 Novemba

Sikumwambia Angelina. Nilimuuliza tu, kwa mbali, kama ana habari za yule kijana wa Haneti. Shemeji yake ana mashine ya kusaga huko. Anazo.

Barua ya chuo ilifika, watu wakaulizana, na mtu mmoja aliyesomasoma akaeleza: kijana wa Bartolomayo amedisko. Mzee Bartolomayo ni mzee wa kanisa. Disko analolijua yeye ni muziki, taa na pombe. Akaelewa kwamba mwanawe amekwenda chuo akacheza disko mpaka wakamfukuza. Methusela akaeleza. Mzee hakutaka kusikia. Jumapili akasimama mbele ya ushirika, akaomba radhi kwa kulea mcheza disko, akaacha uzee wa kanisa mwenyewe. Watoto wa pale wakawa wakimwona Methusela wanakata viuno.

Angelina alisimulia huku anacheka. Mungu anisamehe, na mimi nilicheka kwanza.

Jumamosi, 23 Novemba

Simu ya Methusela haipatikani. Nimejaribu mara kumi na nne.

Sijala. Maji yametoka leo. Sikukinga.

Jumatatu, 25 Novemba

Nimeandika barua. Nusu ukurasa, bila "changamoto" hata moja. Mimi, Elieth, nilipokea mtihani, niliuweka, niliusahau, mwanafunzi amefaulu, arudishwe. Nikapeleka na kijitabu.

Dkt. Mudrick alisoma akiwa amesimama, kisha akakaa, akasoma tena. Si mtu mbaya. Mwaka huu amezika rafiki na amepoteza walimu watatu, nywele zimekuwa nyeupe mbele ya macho yetu. Akaniuliza ni nani mwingine anajua. Nikasema hakuna. Akasema seneti imeshakaa, na haikai tena mpaka Februari. Akasema mahafali ni Alhamisi, na mkataba wangu uko mezani kwake pamoja na barua hii, nitazame mwenyewe vinavyotazamana. Akasema hakatai, ila si wiki hii, Elieth, tafadhali, tupate japo siku moja nzuri mwaka huu.

Kijitabu alinirudishia. Barua akaiweka kwenye droo yake. Ya chini.

Nikasema sawa. Ndiyo, nilisema sawa! Nani angeamini kwamba mdomo huu ndio ulimwambia yule kijana habari za mfumo na uongo.

Alhamisi, 28 Novemba

Mahafali. Joho la kuazima, jasho mgongoni, vumbi kwenye viatu. Vigelegele kweli kweli. Wazazi wametoka Kondoa, Mpwapwa, hata Kigoma, na mashada ya maua ya plastiki. Niliwatazama mababa. Sikuweza kuacha kutazama mababa.

Ukurasa wangu ulisomwa. "Wanafunzi wetu wamepima mvua pamoja na wakulima wa Haneti." Makofi. Mgeni rasmi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wahitimu mia mbili na kumi na mbili. Waliositishiwa masomo hawakusomwa, muda ulikuwa mdogo.

Karishma alinifuata kwenye hema, medali shingoni, mama yake nyuma yake na sahani ya sambusa. Aliuliza Methusela yuko wapi. Akasema hiyo medali, nusu yake ni ya Methusela, yeye ndiye aliyemfundisha uwezekano mwaka wa kwanza kwa kutumia makopo: kopo hili litajaa au halitajaa. Akasema aliandika jina lake kwenye karatasi yake ya shukrani ya kitabu cha mahafali, lakini naona limefutwa, madam, unajua ni nani kafuta?

Nikamwambia ale kabla sambusa hazijapoa.

Huo ndio mwaka wenyewe. Tumeuandika, tumeupigia makofi, na mimi ndiye mwandishi wake. Najichukia.

Ijumaa, 29 Novemba

Kesho nakwenda Haneti. Sijaaga mtu.

Jumamosi, 30 Novemba. Haneti

Naandika nikiwa kwenye kigoda, uani kwa Mzee Bartolomayo. Ametoka, anarudi sasa hivi. Acha niandike, la sivyo nitasimama nikimbie.

Nilifika saa nne. Nikasema mbukwenyi, nikasema shikamoo baba. Kwetu ni Mpwapwa, lakini Kigogo changu ni cha salamu na misiba, kwa hiyo tukaendelea kwa Kiswahili. Mzee mrefu, yeye na mwanawe ni kama chapa moja. Hakuuliza nimefuata nini. Aliniacha nipate maji kwanza.

Mama yake Methusela, Loisi, ndiye aliyenionyesha makopo. Bado anapima! Tarakimu ndogo za rula hazioni, kwa hiyo anatumbukiza bua la uwele kwenye kopo, anakata pale maji yalipofika, anakitunza kipande. Vipande vimefungwa kwa uzi, vinaning'inia chini ya paa. Msimu huu viko viwili tu, vifupi kama kucha. Alisema anamtunzia, akirudi atavipima mwenyewe aandike.

Kisha nikasema. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima na bado yalitoka ovyo.

"Baba, mwanao hakufeli. Mtihani aliufanya na akafaulu. Karatasi niliisahau mimi, kwenye droo."

Akaniuliza: "Na disko?"

"Hakuna disko, baba. Ni neno la wanafunzi tu. Mtu akikatishwa masomo wanasema amedisko. Hata asiyejua kucheza."

"Na yeye alisema hivyo hivyo." Aliongea polepole, akiokota kila neno. "Mara tatu alisema. Nikamwambia, mwanangu, chuo hakiwezi kusema uongo."

Maneno yangu mwenyewe, yametoka ofisini kwangu yakafika mpaka huku kabla yangu.

Akaingia ndani, akatoka na Biblia. Ndani ya Biblia, kwenye mfuko wa nailoni, ile barua. Akanionyesha muhuri kwa kidole. "Hii ndiyo iliyomfukuza. Ya kumrudisha iko wapi?"

Nikampa kijitabu. Alifungua kurasa zote kumi na mbili, moja moja. Kwenye doa la damu alisimama kidogo. "Hii ni yake. Mwandiko wa mwanangu naujua. Nakuuliza ya chuo."

Ya chuo iko kwenye droo ya chini ya Dkt. Mudrick. Sikusema. Nilitazama chini kama mwanafunzi.

Ndipo akaniambia. Methusela aliondoka mwisho wa Oktoba na lori la mahindi. Yuko Gulwe kwa mjomba wake, anabeba mizigo stesheni, simu aliiuza. Siku anaondoka alisimama pale pale langoni akasema: baba, siku chuo kitakapokuja hapa chenyewe kikakwambia, mtume mtu aniite, nitarudi. Kabla ya hapo usiniite. Loisi amemwomba mzee kila siku amtume mtu Gulwe. Mzee amekataa. Mwana ametoa neno, na yeye, aliyekwisha kuamini uongo mara moja, hawezi kumwita mwanawe kwa uongo mwingine.

"Sasa umekuja," akasema. "Nijibu. Wewe ndiyo chuo, au umekuja mwenyewe?"

Nikafungua mdomo. Akainua mkono.

"Si kwangu peke yangu. Mimi nilisema mbele ya watu. Na wewe utajibu mbele ya watu." Akavaa koti lake la kanisani, jua lote hili, akatoka kwenda kumwita katekista na wazee.

Nikisema nimekuja mwenyewe, hatumwi mtu Gulwe. Nikisema mimi ndiyo chuo, ni uongo bila muhuri. Kijana atarudi, atasimama na faili lake kwenye mlango wangu, na nyuma ya mlango ule Februari ni mbali, na huenda hata mimi sitakuwepo. Nimefundisha uwezekano miaka sita. Sijui kuhesabu hili.

Mawingu yako upande wa Kondoa, hayaji huku. Loisi ananyoosha kopo lililoinama. Ameniuliza kwa sauti ndogo kama akirudi atapewa kitanda kile kile bwenini. Nimesema sijui, mama. Akasema si kitu, hata cha chini.

Wanakuja. Ni watano. Mzee yuko mbele na koti lake, Biblia kwapani. Katekista amebeba kiti cha kuegemea, kimefutwa vumbi. Loisi ananivuta mkono niinuke kwenye kigoda. Anasema kile kiti ni cha chuo.