Jibini Moja Uliyowaahidi Watu Wote

Mwaka umezunguka, mdogo wetu, tangu ile Jumatatu ya tarehe saba Oktoba, saa tatu kasoro robo asubuhi, manyunyu yakianguka huku jua linawaka, ulipopanda ngazi kutoka chumba cha chini cha duka lako na kitambaa kibichi mkononi, ukaketi juu ya kreti ya mvinyo na kumwambia mkeo, "Nimechoka kidogo, nipe dakika." Alikupa dakika. Hukuinuka tena.

Tungependa kukuandikia kwa upole mtupu, kama inavyotarajiwa siku kama ya leo. Hukutuachia nafasi hiyo. Ulituachia duka, na ndani ya duka ulituachia ahadi, na ahadi hizo zimetutoa jasho.

Tuanze na wema wako, kwa kuwa ni haki yako. Hukumuuzia mtu kitu asichokionja. Mteja aliingia na haraka zake, mtoto mkono huu, mfuko mkono ule, nawe ukampa ubapa mwembamba wa jibini kwenye ncha ya kisu na kumwambia, "Tafuna polepole, haikimbii." Aliyeng'ang'ania jibini ambayo haijawa tayari ulimrudisha nyumbani mikono mitupu. Aliyetaka mvinyo wa bei kubwa ili kumkoga shemeji yake ulimuuzia ule wa bei nafuu, kwa sababu ndio uliofaa samaki aliyekuwa anakwenda kumpika. Nilikueleza zaidi ya mara moja kwamba biashara haiendeshwi hivyo. Ulinijibu, "Kaka, wewe ukifungua duka, wateja watapanga mstari kwa urefu."

Tulisoma shule moja ya bweni, mimi nikikutangulia, na huko ndiko ulikoanzia. Ulificha maziwa katika sanduku lako la bati, ukayakatisha kwa maji ya limau, ukayachuja kwa soksi (safi, uliapa), kisha ukayafunika kwa sare za michezo. Bweni zima lilinuka. Mimi nilikuwa kiranja wa bweni hilo. Nilikupa adhabu ya kudeki varanda, na ningekupa tena leo, kwani kanuni ilikuwa wazi na ilibandikwa mlangoni.

"Haya ni maziwa yaliyooza," nilikwambia.

"Si maziwa yaliyooza, ni jibini," ulinijibu, ndoo mkononi, maji yakikutiririka hadi viwikoni.

Ubishi huo ulitoka nao shuleni. Ulikwenda nao kazini, ukauleta kwenye meza ya mama, ukaufungulia duka.

Na katika duka hilo, juu ya rafu ya mbao ya chumba cha chini, ukamweka Mzee. Wasomaji wasioijua mitaa yetu waelewe: Mzee alikuwa jibini ngumu ya duara, pana kama tairi, ambayo mdogo wetu aliinunua ikiwa changa na kuapa kuikomaza mwenyewe. Kila Jumatatu uliifuta kwa kitambaa cha maji ya chumvi, ukaigeuza chini juu, ukaigonga kwa kifundo cha kidole na kuitegea sikio. Wateja wakiuliza, "Mzee anaamka lini?", uliwajibu, "Bado amelala, msipige kelele." Siku ulipoondoka ulikuwa umefuta upande mmoja tu. Jioni ile ile, waombolezaji wakiwa bado sebuleni, mkeo alishuka peke yake akaufuta upande wa pili. Hakuacha Jumatatu hata moja tangu hapo.

Hapa ndipo lawama zetu zinapoanza. Ulikuwa na desturi yako. Ukimpenda mteja, ulimshika mkono, ukamshusha ngazi, ukakilaza kiganja chake juu ya Mzee na kumtajia siku yake. Fundi cherehani wa jirani ulimwambia: siku binti yako atakapoolewa. Muuguzi mstaafu wa ghorofa ya juu: siku mwanao wa mwisho atakaporudi kutoka ng'ambo. Dereva wa lori tunayemwita Kobe: siku utakapoezeka nyumba yako. Kila mmoja aliondoka akijua Mzee ni wake. Lakini Mzee alikuwa mmoja, mdogo wetu! Na jibini ya namna ile ikishapasuliwa huanza kukauka, haina budi kuliwa; haiwezi kungoja harusi ya huyu kisha paa la yule. Wewe ulilijua hilo kuliko mtu yeyote. Ulifikiri nini? Tumekuuliza swali hili mbele ya picha yako, na picha yako inacheka tu.

Mambo yaliharibika mwezi uliopita, fundi cherehani alipoingia dukani na kikapu kikubwa.

"Shemeji," alimwambia mkeo, "nimekuja kumchukua Mzee. Binti anaolewa Jumamosi."

Muuguzi alikuwa kwenye kaunta akionja jibini ya mbuzi. Akageuka. "Mzee yupi? Mzee wangu?"

"Wako tangu lini, dada?"

"Tangu aliponishikisha. Kiganja chenyewe hiki hapa."

"Mimi nilishikishwa viwili!"

"Basi nyote mna bahati," alisema Kobe kutoka mlangoni. "Mimi alinikumbatisha kabisa, na shati likanuka wiki nzima."

Walicheka, kisha wakatazamana, na kicheko kikakatika. Fundi aliweka kikapu chini. "Kwa hiyo alikuwa anatuchezea," alisema. "Marehemu alikuwa mwongo."

Neno hilo alilisema mbele ya binti yako, ambaye sasa ndiye anayefungua duka kila asubuhi. Alilisikia akiwa ameshika kizibuo cha mvinyo. Siku mbili baadaye lilikuwa limefika saluni, limefika kwa muuza magazeti, limefika kwa mama. Wateja wengine walijitokeza na viganja vyao. Ulijenga jina kwa kisu kimoja na uvumilivu, na sasa jina lilikuwa linamenywa barabarani na watu uliowapenda. Jina lako ndilo letu. Sikuwa tayari kulala nalo likiwa hivyo.

Niliitisha kikao, Jumamosi asubuhi kabla ya harusi, humo humo dukani. Nilivaa tai ya shule. Niligonga bilauri kwa kisu, nikawaeleza waliofika kwamba ahadi ya marehemu ni deni la nyumba yake, na kwamba tutafuata utaratibu: aliyeshikishwa kwanza atasikilizwa kwanza, atoe ushahidi. Hakuna aliyekumbuka tarehe. Kila mmoja alikumbuka hali ya hewa. Kobe akauliza kama kiganja cha kushoto kinahesabiwa. Mama, aliyekuwa kwenye kiti karibu na mizani, akasema, "Mwanangu, kaa chini, unawatisha watu."

Nilikuwa bado nafafanua utaratibu niliposikia mkeo na binti yako wakipanda ngazi, wamembeba Mzee kwenye ubao. Wakamweka juu ya kaunta. Mkeo akafunga aproni yako, ambayo inamzunguka mara mbili.

"Hakumdanganya mtu," alisema. "Aliwatajia kila mmoja wenu siku yake, na angekuja kuwapatanisha kwa maneno yake yale, mnamjua. Siku yake mwenyewe ndiyo aliyokuwa haijui. Imetangulia zenu zote."

Hakungoja jibu. Jibini ile haikatwi. Alichomeka visu vyako vifupi kwenye ganda, kimoja hapa, kimoja pale, kama ulivyomfundisha, akavisukuma kidogo kidogo, mpaka Mzee akapasuka mwenyewe kwa sauti kama ya ubao mkavu. Harufu ikajaa duka: karanga, chumvi, majani makavu. Muuguzi alichukua kipande cha kwanza, akamgeukia fundi, akakimega. "Peleka hiki kwa bibi harusi," alisema. "Wangu bado hajakata tiketi." Fundi alikipokea kwa mikono miwili. Akamgeukia binti yako. "Lile neno nililisema kwa hasira," alisema. "Baba yako alikuwa mtu wa kweli. Nitalisema hili huko huko lile lilikofika." Nasi tunathibitisha kwamba amelisema, saluni na kwa muuza magazeti, kwa sauti.

Aliyewahi kushikishwa Mzee na hakufika siku ile, fungu lake limefungwa kwa karatasi na lipo dukani. Aje tu. Haulizwi ushahidi.

Unakumbukwa na mama, anayekutetea hata pasipo mshitaki. Na mkeo, anayeshuka bado kila Jumatatu kuifuta rafu iliyo tupu. Na binti yako, aliyeanza kuwaambia wateja "haikimbii" bila kujua kwamba anasema kama wewe. Na dada zetu, na watoto wao, na mimi kaka yako. Hutoki katika midomo yetu, mdogo wetu, wala katika mioyo yetu, hata siku tunazokukasirikia, nazo ni nyingi.

Limebaki deni moja, nalo ni langu peke yangu. Mimi nami ulinishusha ngazi zile, ukanilaza kiganja juu ya Mzee na kusema, "Wewe kaka, utafunguliwa Mzee siku utakayoniambia kwa mdomo wako kwamba si maziwa yaliyooza." Niliuondoa mkono, nikakwambia usisubiri.

Jumamosi ile mkeo aliniwekea fungu langu kwenye sahani. Lilikuwa zuri; nina macho na nina pua. Lakini sharti lilikuwa nikwambie wewe, ukiwa umesimama mbele yangu, na wewe hukusubiri. Kitu ambacho sijakilipia sikichukui. Nilimrudishia mkeo sahani, na fungu langu likaenda harusini.