Gia boksi iko chini

Shoga, huyu fundi wangu ana lake jambo.

Tangu nimpelekee lile gari la kifahari la marehemu baba, wimbo ni mmoja: ameshusha gia boksi, gari haliendi popote. Haya. Leo nimepita gereji, gari linang'aa. Halijawahi kung'aa hivyo tangu baba afariki. Na kwenye kitasa cha mlango kuna utepe mweupe.

Namuuliza, ananijibu kavukavu: "Dada, huo umeletwa na upepo."

Upepo, shoga. Upepo unafunga mafundo?

Nikaondoka. Sasa hivi nimempigia simu. "Dada, gia boksi bado iko chini, gari halitingishiki."

Nyuma yake vigelegele. Halafu honi ya baba, ile ile yenye kikohozi.