Safu ya Nyuma Ilipotea, Nikamsingizia Nyanya Hadidja

Mpendwa mshauri, naomba musaada wa kazi, ingawa ndani yake kuna aibu pia. Mimi ni mpiga picha hapa mtaa wa Kasuku, nimezoea picha za kadi za chama, uso mumoja mbele ya pazia, sasa mwezi uliopita mama Sharifa akaleta jamaa yake, watu ishirini na wawili, safu tatu za mabenchi yaliyoachana, na mbele akiwemo nyanya yake Hadidja aliyetoka Lokandu kwa mtumbwi, nami nikafungua sana tundu la lensi, wa mbele wakatoka safi, nyuma ukungu mutupu, Sharifa akauliza, "Baba yangu mukubwa njo huyu moshi?" Wakarudi, nikabana tundu mpaka namba 22 ya lensi, dogo kabisa, safu zote zikawa sawasawa lakini hakuna uso uliotoka mkali, hata mikunjo ya nyanya imefutika, na Sharifa aliponikazia macho nikasema, "Nyanya alitikisika." Muzee Hadidja akanishika mukono: "Unisamehe, mwanangu. Mwili hauna nguvu tena."

Tangu hapo situlii. Nilibandika gazeti ukutani, kamera juu ya miguu yake mitatu, nikapiga kwa 8, nikapiga kwa 22. Herufi za 22 zimelegea, na gazeti halitikisiki! Kwa nini tundu linalowaleta watu wa nyuma linawapunguzia wote ukali? Jumapili wanarudi mara ya mwisho.

Kitenge, Kindu

Citoyen Kitenge,

Gazeti limekujibu kabla yangu, na nakusifu kwa kulibandika. Mwanga ukipita katika tundu dogo mno hutawanyika, kila kitu kikalegea. Ukilifungua mno, wa nyuma wanapotea. Tafuta namba ya katikati ya lensi yako kwa gazeti hilohilo. Nadhani ni 8 au 11. Lakini usiiachie lensi kazi yote! Nani alikuambia safu zikae mbalimbali hivyo? Yabananishe mabenchi, wewe rudi nyuma hatua nne, pima ukali kwenye nyuso za safu ya pili. Kisha mpige nyanya picha peke yake, ukipima kwenye macho yake.

Sasa ile aibu. Kama ni yeye aliyetikisika, mbona wale ishirini na mmoja walilegea pamoja naye? Ulimwachia mama wa umri ule aombe radhi kwa kosa lako. Jumapili, kabla hujagusa kamera, mwambie mbele ya jamaa yote: "Nyanya, wewe ulikaa vizuri. Mimi njo nilikosea." Ngoja akujibu. Halafu upige.