Uchochoro wa Uani kwa Bi Riziki

Mdogo wangu Time, salamu kwako na kwa kuku wangu unaonitunzia huko Jadida. Nasema mimi, anaandika mjukuu wangu Saumu, huku kwao Tibirinzi nilikokuja kutembea.

Saumu anachora njia za mtaa kwenye ramani ya simu, ile inayojazwa na watu wote. Jana uchochoro wa uani kwa jirani yao Bi Riziki kauandika "njia ya miguu, ya wote." Nikamwambia, "Kesho mgeni ataletwa na simu, amkute Bi Riziki na kanga moja anakuna nazi."

"Bibi, mbona wanawake wote tunapita?"

"Tunapiga hodi kwanza, we mjinga."

Kabadilisha: "kwa ruhusa ya wenyewe." Alasiri tukapita, tukaitikiwa, tukapewa mkate wa kumimina.

Wewe kwangu Jadida ingia tu, ule, ulale. Hodi yako nishaiitikia.

Dada yako, Mwanakhamis