Dakika Thelathini na Nane

Kwako Kaka mpendwa,

Shikamoo, na pole na kazi. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wifi yangu na wale watoto ambao nasikia sasa wamekuzidi kimo na bado unawafokea. Waambie shangazi yao anawakumbuka. Huku kwetu hatujambo, kwa maana ya kwamba tunakula na tunaamka. Mama anaendelea na dawa zake za presha na bado yuko kwangu tangu yale mafuriko, kama nilivyokueleza. Umenilaumu kwamba simu zangu siku hizi ni fupi, mimi ambaye wewe mwenyewe ndiye uliyeniita Chiriku. Una haki ya kulalamika. Lakini nyumba yangu ina vyumba viwili na Mama ana masikio manne, na haya ninayotaka kukwambia siwezi kuyasema naye akiwa nyuma ya pazia. Ijumaa nitasimama mbele ya kamati ya baraza la mji kueleza jinsi siku ile ilivyokwenda, na mpaka sasa sijui nitasema nini.

Kaka, kichwa kimenivurugika. Naanza sentensi naiacha njiani. Basi nivumilie, nianze na Tofali.

Mwaka jana mabaraza yote yaliagizwa kufuata Mwongozo wa Taifa wa Kukabili Maafa. Ukaletwa kwetu ndani ya jalada moja la kurasa mia nne na kumi na mbili, na dereva wa ofisi akaubatiza Tofali, akawa anauwekea mlango usijifunge mpaka Mkurugenzi alipomkuta akamgombeza. Kila baraza lilitakiwa liwe na Mratibu wa Maafa. Siku ya kumchagua mimi nilikuwa nimekwenda kung'oa jino. Niliporudi, shavu limevimba na mdomo una ganzi, niliwakuta wananipigia makofi. Nilijaribu kukataa, wakasema wamesikia nikikubali.

Usidhani mambo ya Tofali yalitungwa na wajinga. Zamani yule mzee anayesoma kipimo cha maji darajani, tunayemwita Sentimita, akiona maji yamepanda alimpigia simu mlinzi wa ofisi, na mlinzi akabonyeza king'ora cha juu ya paa. Basi. Mwaka juzi mlinzi alibonyeza mara mbili bila sababu, na mara ya pili watu wa mtaa wa chini walitimua mbio kwa ajili ya bomba lililopasuka, mama mjamzito akaanguka kwenye ngazi. Ndiyo ukawekwa utaratibu. Sentimita anamwarifu Mratibu, Mratibu anajaza Fomu Namba Nne kuomba kibali, Mkuu wa Operesheni anatia sahihi, ndipo mlinzi anabonyeza. Mkuu wa Operesheni alikuwa mhandisi wetu wa maji. Na wakazi nao wafundishwe kutotoka nyumbani kabla ya king'ora, ili wasisongamane kwenye ule uchochoro mmoja wa kupandia mjini.

Niliwafundisha mimi. Mikutano mitano, kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Yule fundi cherehani jirani yetu, aliyekuwa akikushonea sare na kukutolea pindo kila ulipojitia kurefuka, alikaa mbele mikutano yote mitano. Niliwafanya warudie kwa sauti kama watoto wa chekechea: bila king'ora hakuna kuondoka. Fundi ndiye aliyepaza sauti kuliko wote, na mimi nilijisikia mwalimu kwelikweli.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumatano na jua lilikuwa kali, hapa kwetu halikudondoka hata tone. Mvua ilikuwa imenyesha juu huko mto unakotokea. Saa nane na dakika tano Sentimita alinipigia akisema maji yamevuka alama nyekundu na yanapanda huku akiyatazama kwa macho yake. Nilimuuliza kama ana hakika. Aliniambia amekisoma kipimo hicho miaka ishirini na sita, nisimchezee. Nikajaza Fomu Namba Nne, nikaikimbiza masjala mwenyewe. Karani wa masjala akaigonga muhuri: saa nane na dakika kumi na mbili. Akampa tarishi aipeleke kwa Mkuu wa Operesheni. Mimi nikarudi chumbani kwangu kusubiri kibali.

Kibali hakikuja. Nilimpigia mhandisi, simu imezimwa. Nikaenda ofisini kwake, mlango umefungwa. Nikaulizia, nikaambiwa yuko likizo tangu Jumatatu. Nikampigia Mkurugenzi aliyekuwa kikaoni makao makuu, naye akanong'ona kwamba nifuate Mwongozo, akakata. Nikashuka kwa mlinzi, nikamsihi abonyeze. Aliniambia kwa heshima zote kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyembandikia ukutani ile karatasi inayosema asibonyeze bila sahihi ya Mkuu wa Operesheni, na mwaka juzi alikatwa mshahara wa siku kumi kwa kiherehere, safari hii hafanyi kosa. Nilimwelewa. Hilo ndilo linalonitesa, Kaka, kwamba kila niliyezungumza naye siku ile nilimwelewa. Nikawa napanda ngazi nashuka, napanda nashuka, na kila mara nikipita naangalia saa ya ukutani kana kwamba yenyewe ndiyo itakayotia sahihi.

Saa tisa kasorobo na dakika zake, tarishi aliingia kuchukua barua za kutoka. Akaniuliza kwa upole kama nimeshamalizana na ile fomu ya haraka, maana aliileta zamani. Nikamuuliza fomu gani. Akainua magazeti yaliyokuwa kwenye trei yangu ya barua za kuingia, akanionyesha. Ilikuwa Fomu Namba Nne, mwandiko wangu, muhuri wa saa nane na dakika kumi na mbili. Imeandikwa juu: Kwa Mkuu wa Operesheni.

Nilimwambia amekosea meza. Akasema hakukosea. Jumatatu ilitoka barua ya kukaimu, kwamba mhandisi akiwa likizo kazi zake zitafanywa na Mratibu wa Maafa. Na masjala, kama unavyojua ofisi za serikali, barua hufuata cheo, haifuati mtu. Nikafungua kitabu cha kupokelea barua. Kweli, Jumatatu nilikuwa nimetia sahihi yangu mbele ya barua kumi na tatu kwa mkupuo, na ya tisa ndiyo hiyo. Sikuwa nimeifungua. Yaani Kaka, niliandika ombi, nikajitumia, kisha nikakaa kujisubiri.

Nilitia sahihi pale pale nimesimama, nikashuka ngazi mguu niponye. King'ora kililia saa nane na dakika hamsini. Maji yaliingia mtaa wa chini dakika sita baadaye. Hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu. Nyumba sitini na moja ziliingiwa na maji, watu kumi na mmoja waliumia. Fundi cherehani alitoka king'ora kilipolia, si kabla si baada, akakuta maji ya magotini uchochoroni. Lile lango la chuma la mwisho wa uchochoro lilisukumwa na maji likambana mkono wa kulia. Madaktari wamemkata vidole vitatu. Kwa fundi cherehani, wewe mwenyewe unaelewa maana yake.

Wiki mbili baadaye akaja mkaguzi kutoka makao makuu. Mimi nilishajiandaa kufukuzwa, hata kikombe changu cha chai nilikwishakichukua nyumbani. Yule bwana alipanga karatasi zetu mezani, akazisoma moja moja, akatabasamu. Ombi limejazwa. Limepokelewa. Limejibiwa na afisa mwenye mamlaka. Kati ya kupokelewa na kujibiwa zimepita dakika thelathini na nane, na Tofali linaruhusu hadi saa nzima. Alisema amezunguka mabaraza mengi na hajaona fomu zilizojazwa vizuri hivi. Tunaandaliwa cheti cha baraza la mfano, Kaka. Nilipigwa na butwaa. Nilifungua kinywa kueleza habari ya trei, Mkurugenzi akanikanyaga mguu chini ya meza. Baadaye alinieleza kwamba sikuvunja kifungu hata kimoja, na kwamba mtu asiyevunja kifungu hana cha kuungama. Nimelifikiria neno hilo mpaka limeniishia maana. Asubuhi naamka najiona mzembe, mchana naisoma ile fomu najiona mtumishi hodari, jioni nikimwona Mama anaosha vyombo vilivyokwisha oshwa sijui mimi ni nani.

Kumbe hilo lilikuwa dogo. Mkaguzi aliona kwenye orodha ya wakazi kwamba kuna mkazi mmoja wa mtaa wa chini aliyekwisha hama kabla maji hayajafika, na vyeti vyake, na dawa zake, na nguo za kubadili. Akafurahi sana, akasema huyo ndiye ushahidi kwamba elimu imewafikia wananchi, aje mbele ya kamati siku ya Ijumaa aeleze alivyofanya. Mkazi huyo ni Mama.

Kaka, nimeandika kurasa hizi zote nikilizunguka neno moja. Basi nilitoe. Saa nane na dakika ishirini, nikiwa nasubiri kibali, nilifunga mlango nikampigia Mama. Nilimwambia achukue vyeti na dawa apande bodaboda aje kwangu saa hiyo hiyo. Na nilimwambia asimwambie mtu yeyote. Nilisema ni siri ya kazi, maana Tofali linakataza kutoa tahadhari isiyo rasmi, na niliogopa watu watatimka bila mpangilio, halafu nitaulizwa. Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni kwamba niliogopa kibarua changu. Nilimtoa mama yangu nikawaacha majirani zake waliomfulia nguo alipougua. Nusu saa nzima, Kaka, nilikuwa najua na nimefunga mlango. Kwenye fomu hakuna sehemu ya kuliandika hilo, na simu ile haijulikani na mtu ila mimi na Mama, na sasa wewe.

Juzi nilijikaza nikaenda hospitali kumwona fundi. Nilikwenda nimekusudia kumwomba radhi, lakini hakunipa nafasi. Alinikaribisha kama mkwe. Akaniambia king'ora changu ndicho kilichomtoa, bila hicho angekufa mle ndani. Kisha, huku akicheka, akanishtakia Mama. Alisema siku ile, kabla ya king'ora, Mama alimgongea mlango kwa ngumi, mkoba begani, akimwambia twende, maji yanakuja, usiniulize nimejuaje. Fundi akakataa. Alimwambia Mama kwamba bila king'ora hakuna kuondoka, mwanao mwenyewe ndiye aliyetufundisha, tena mara tano, na mimi mtoto yule namwamini. Mama alimvuta mkono, fundi akang'ang'ania mlango. Mwishowe Mama akaondoka analia, na fundi alibaki amemkasirikia kwa kutofuata utaratibu. Aliniomba nilieleze baraza kwamba yeye aliufuata. Halafu akaniuliza zoezi lijalo ni lini, asije akalikosa kwa ajili ya huu mkono.

Nilimwambia nitamjulisha. Ndiyo jibu nililopata.

Leo asubuhi nilimweleza Mama kwamba ninajua. Aliketi kwenye kochi. Alisema alininyamazia kwa sababu alidhani amenivunjia siri ya kazi na ndiyo maana ninaitwa kwenye kamati, kwamba kosa ni lake. Wiki zote hizi amekuwa akinihofia mimi. Kisha akaniuliza, wala si kwa ukali, kama nilikuwa na simu mkononi ya kumpigia yeye, kwa nini sikumpigia na fundi. Namba yake ninayo, Kaka. Ninayo tangu nikiwa shule.

Basi Ijumaa Mama hatasimama. Nitasimama mimi, na nitazisema saa zote kwa mfuatano wake: nane na tano, nane na kumi na mbili, nane na ishirini, nane na hamsini. Mkurugenzi atanikanyaga tena na mimi nitaendelea. Baada ya hapo sijui kama nitakuwa na kazi, wala sijui majirani watamtazamaje Mama. Nakuomba usinipigie kunibembeleza, na usiniambie kwamba nilifuata sheria. Mpigie Mama Ijumaa saa nne asubuhi, zungumza naye lolote mpaka nirudi, asiwe peke yake. Na ukipata nafasi mpigie fundi. Namba yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Mwambie bila kunificha kwamba nilijua.

Msalimie sana wifi, na watoto uwabusu kwa niaba yangu hata kama wamekua. Mama anakusalimu, ingawa hajui kwamba nakuandikia.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku