Tania amekanyaga mutoto wa mutu

Patricia, ile maneno uliniambia, ya watu wanaopiga foto nyumba zilizoachwa na vita ili wauze nyumba za wengine, ilininyima usingizi. Leo imeangukia binti yangu Tania.

Tangu kule muji wa Bafwasende iko anapiga foto nyumba zilizoachwa. Hapa Kisangani akaingia lupango, ule uwanja wa nyumba yenye matundu ya risasi, akapanda udongo ulioinuka ili foto itoke muzuri.

Mama mwenye nyumba akatoka: "Shuka! Unakanyaga mutoto wangu!"

Mutoto wake, Patricia! Wakati wa vita, makaburi haikufikika, donc walimuzika hapo nyumbani.

Vijana wa mtaa wakamupigisha Tania magoti: "Muuza nyumba, rudisha udongo na mikono!" Wakamufilmer wakicheka. Tania analia, mama mwenye nyumba anasema: "Bado. Ongeza udongo."

Video imefika mpaka kanisani kwetu.

Bon, ambia binti yako Chimène, asifanye kama Tania:
Asiingie bila hodi.
Asiseme nyumba haina mutu.
Asikanyage udongo ulioinuka.
Asitegemee machozi.