Saksafoni Niliyomchagulia Binti Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na ukitaka kunigomba nigombe tu, maana mwenyewe nimejigomba mpaka nimechoka. Mimi ni fundi wa spika, nafunga vyombo kwenye kumbi za harusi na mikutano, huu ni mwaka wa kumi na tisa, na mtaani wananiita Mzee wa Sauti, jina ambalo mpaka mwezi uliopita nililipenda sana. Binti yangu ana miaka kumi na sita, anapiga saksafoni ya alto katika kikundi cha wasichana wanne, muziki wa klasiki, ule wa kukaa kitini na kufuata karatasi, na kwa kuwa alikuwa anatumia ya kuazima nikaamua kumnunulia yake kabla ya majaribio ya kuingia chuo cha muziki. Mwalimu wake aliniambia waziwazi, "Baba, nenda na mtoto dukani aipulize mwenyewe, hiki chombo hakichaguliwi kwa macho," nami nikamjibu, "Mwalimu, sauti ndiyo kazi yangu," nikaenda peke yangu. Muuzaji akauliza mpigaji anapiga muziki wa aina gani, nikaona nikianza kubabaika atanicheka, nikasema, "Nipe inayosikika mpaka nyuma ya ukumbi," akaleta moja nyeusi inayong'aa, kipande chake cha kupulizia ni cha chuma, akaipuliza mara moja vioo vya kabati vikatetemeka, nikamwambia nifungie hiyohiyo.

Sasa akipuliza taratibu sauti inakatika, akiongeza pumzi inalia kama honi na wenzake watatu hawasikiki tena, nyumbani anaiziba kwa kitambaa asikere majirani, mdomo wa chini umemchubuka, na nimemsikia akimwambia mama yake, "Labda ni mimi tu sijui kupiga." Alhamisi iliyopita niliitwa kwenye mazoezi, mwalimu akaishika, akaigeuza, akauliza, "Hii nani aliichagua?" na mimi, mtu mzima mwenye mvi, nikasema mbele ya wale wasichana, "Aliing'ang'ania mwenyewe." Mwanangu alinitazama mara moja, kisha akainama akaanza kufunga kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa. Mwalimu akasema basi kiti chake akikalie mwingine mpaka binti ajifunze kusikiliza. Tangu siku hiyo ananiamkia "shikamoo, baba" kila asubuhi kama kawaida, na hapo ndipo ninapokosa pa kuuweka uso wangu. Majaribio ni baada ya wiki tatu. Nimefikiria niibadilishe kimyakimya, yaishe. Nifanyeje?

Mzee wa Sauti

*

Mzee wa Sauti,

Hilo la kimyakimya lifute. Umefanya makosa mawili, nawe unataka kurekebisha lile jepesi.

Tuanze na hilo jepesi. Nimemuuliza mpigaji wa siku nyingi wa muziki huo. Anasema kipande cha kupulizia cha chuma chenye uwazi mpana kimetengenezwa kushindana na ngoma na magitaa. Kikundi cha watu wanne kinataka sauti ya mviringo, inayoweza kushuka mpaka mnong'ono bila kukatika. Rangi nyeusi haina kosa, na huenda saksafoni yenyewe ni nzima. Anzeni na kipande cha mpira mgumu chenye uwazi mdogo. Mwalimu awepo na kipimo chake cha sauti. Binti apulize sauti ndefu, taratibu, kutoka chini kabisa hadi juu. Kama bado kuna sauti zinazopanda au kushuka zenyewe, rudisheni saksafoni nzima na mtafute nyingine. Fanyeni hivyo wiki hii, mdomo uzoee.

Sasa lile zito. Uliona aibu kusema hujui jambo ndani ya kazi uliyoifanya miaka kumi na tisa. Hilo nalielewa, na nakuhurumia. Lakini aibu yako ukamvisha mtoto, naye akaivaa mbele ya wenzake bila kukuumbua. Hakuwa na wajibu huo. Na kibaya zaidi, ameanza kuamini kwamba kosa ni lake. Mtu wa namna hiyo huingia kwenye majaribio akiwa ameshashindwa.

Leo, kabla ya kwenda dukani, kaa naye. Mwambie, "Niliichagua mimi, na nikakusingizia." Usimweleze kile alichosema muuzaji. Usiseme "tulikosea", hamkukosea wote. Alhamisi nenda kwenye chumba kilekile, subiri wasichana wote watatu wafike, uyarudie maneno hayo ukiwa umesimama, kisha umwombe mwalimu kiti cha mwanao. Utaona aibu. Ni yako, ibebe.

Dukani kaa mlangoni. Akigeuka kukuuliza, "Baba, unaonaje?" mjibu, "Wewe ndiye unayejua." Kisha nyamaza, hata akichagua ile usiyoisikia ukiwa pale mlangoni.

Na kile kitambaa, kakichomoe wewe mwenyewe, akiwa anakuona.